Kadi za Kukusanya Zimepanda Bei: Mwongozo Kamili wa Mkusanyaji wa Mombasa

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu wa Mombasa, awe wa Kisauni, Likoni, Majengo au Mji wa Kale, anayependa kadi za mpira au za Pokémon na anaona zinamponyoka. Kadi nzuri siku hizi zinatajwa kwa dola. Matoleo mapya yanakwisha kabla hujapata habari kwamba yametoka. Mimi naamini kijana wa hapa ana haki ya kuzifurahia kama kijana wa Chicago, na njia za kufanya hivyo zipo, ila zinataka mpango. Zifuate kwa utaratibu nilioupanga, maana kila hatua inaitengenezea njia inayofuata.

Hatua ya 1: Jua bei imepandishwa na nini

Kadi ni kipande cha karatasi ngumu, takriban sentimita 6.3 kwa 8.8. Kuichapa hakugharimu pesa nyingi. Kinachouzwa ni uhaba, na uhaba una aina zake. Ukizijua, utakuwa umeokoa nusu ya pesa ambazo ungezitupa.

Upo uhaba wa umri. Kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, iliyochapwa na kampuni ya Topps ya Marekani mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022 kwa sababu zilizobaki safi kiasi kile ni za kuhesabika. Upo pia uhaba wa kugombania. Mwaka 2020 watu walipofungiwa majumbani, wengi walirudia kadi za utotoni, na eBay, soko la mtandaoni, ikatangaza kwamba mauzo ya kadi nchini Marekani yamepanda kwa asilimia 142 katika mwaka ule. Walanguzi wakaingia. Mwezi Machi 2021 PSA, kampuni inayopima ubora wa kadi, ilisimamisha kupokea kadi nyingi kwa sababu ililemewa, na Mei mwaka huohuo maduka ya Target ya Marekani yakaacha kwa muda kuuza kadi madukani baada ya wateja kupigana.

Aina ya tatu ndiyo ninayotaka uielewe vizuri, kwa sababu hiyo hutengenezwa kwa makusudi. Chukua Topps Chrome, toleo la Topps la kadi zenye uso unaong'aa. Picha ni ileile, mchezaji yuleyule, lakini kadi inatolewa kwa rangi tofauti na kila rangi ina hesabu yake: ya dhahabu 50, ya chungwa 25, nyekundu 5, na moja pekee iitwayo Superfractor. Mtengenezaji ameamua idadi kabla mashine haijawashwa. Ni katika uhaba wa namna hii ambapo kadi moja tu duniani yenye saini za wachezaji wa mpira wa kikapu Michael Jordan na Kobe Bryant, toleo la kampuni ya Upper Deck la msimu wa 2007-08, ilifika dola milioni 12.932 mnadani Agosti 2025. Kuna na uhaba wa saa: kadi za Topps Now huuzwa kwa muda mfupi baada ya mechi au tukio, kisha mlango unafungwa, ili usipate nafasi ya kufikiri.

Halafu kuna leseni, yaani ruhusa ya ligi ya kutengeneza kadi zake. Mwaka 2021 kampuni ya Fanatics ilijipatia haki za pekee za kutengeneza kadi za ligi kubwa za Marekani za besiboli, mpira wa kikapu na futiboli ya Kimarekani, na Januari 2022 ikainunua biashara ya kadi ya Topps. Panini, kampuni ya kadi na stika ya Italia, ikaishtaki Fanatics mwaka 2023 ikidai soko linabanwa. Kwa sisi watu wa mpira, Ligi Kuu ya Uingereza ilitoka Panini ikaenda Topps kuanzia msimu wa 2025/26. Ligi ikiwa mikononi mwa kampuni moja, hakuna mshindani wa kuishusha bei, na mfululizo uliouanza kwa miaka mitano unaweza kukatika wakati wowote. Kwa hiyo usiufunge mkusanyo wako kwa jina la kampuni.

Pokémon ni habari nyingine kidogo. Kadi zilizochapwa katika mwaka wa biashara ulioishia Machi 2024 zilikuwa bilioni 11.9. Toleo jipya likiadimika wiki ya kwanza, mara nyingi huchapwa tena. Hapo dawa ni subira, na subira haiuzwi.

Hatua ya 2: Chagua kitu kidogo chenye mwisho

Mkusanyaji asiye na mpaka ndiye anayemalizwa na bei. Andika kwenye karatasi sentensi moja inayosema unakusanya nini, na iwe ni kitu kinachoweza kukamilika. "Nakusanya Messi" haifai, kadi zake ni maelfu. "Nakusanya kadi za kawaida za wachezaji kumi na mmoja walioanza fainali fulani" inafaa.

Pendekezo langu ninalolipenda zaidi: kusanya wachezaji wa Kenya waliocheza Ulaya. Victor Wanyama alitoka Celtic akaenda Southampton, kisha Tottenham, na kadi zake za Match Attax, kadi za mpira za bei nafuu za Topps, za miaka ile si za kugombaniwa na matajiri. Huyu ndiye aliyeifungia Celtic bao la kichwa dhidi ya Barcelona Novemba 2012, Mkenya wa kwanza kufunga katika Ligi ya Mabingwa. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa na Inter msimu wa 2009-10 walipolitwaa kombe hilo. Mkusanyo wa namna hii utakugharimu kidogo kuliko boksi moja la kadi za kisasa, na mtu akija nyumbani utakuwa na la kumhadithia.

Na kama hata hizo ni nzito kwa sasa, ziko kadi ambazo hakuna mlanguzi anayezitazama: kadi za zamani za vibanda vya simu, na zile za kukwangua za Bamba za Safaricom. Waulize wazee wenye maduka ya rejareja. Wengine wanazo kwenye droo na hawajui za nini.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kufungua pakiti

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuanze na stika, picha za wachezaji za kubandika kwenye albamu. Albamu ya Panini ya Kombe la Dunia la 2022 ilikuwa na stika 670, na pakiti ilikuwa na stika tano. Ungekuwa na bahati isiyowahi kuonekana, usipate hata moja iliyojirudia, ungehitaji pakiti 134. Lakini stika zinajirudia. Ukinunua peke yako bila kubadilishana na mtu, hesabu za uwezekano zinakupeleka kwenye wastani wa stika 4,750 hivi, yaani pakiti karibu 950. Nchini Uingereza pakiti ilikuwa peni 50 mwaka 2014, peni 80 mwaka 2018, na peni 90 mwaka 2022. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya pauni 850 kwa albamu moja.

Sasa tazama mzigo uko wapi. Nusu ya kwanza ya albamu unaipata kwa pakiti zipatazo 93 tu. Stika 20 za mwisho peke yake zinakutaka pakiti 480 hivi. Ile moja ya mwisho kabisa, pakiti 134 kwa wastani. Kwa hiyo kanuni ni hii: nunua pakiti mpaka nusu, kisha simama. Kuanzia hapo unabadilishana, na zikibaki chache unazinunua moja moja kwa mtu anayezo, hata akikuuzia kwa bei ya pakiti nzima. Bado umeokoa.

Kwa kadi zenye namba au saini, pakiti ni bahati nasibu kabisa. Watengenezaji huchapisha uwezekano wa kupata kila aina, mara nyingi nyuma ya pakiti kwa maandishi madogo. Usome. Ukiona kadi unayoitaka hutokea mara moja katika pakiti elfu kadhaa, nunua kadi yenyewe kwa aliyekwisha kuipata. Wazazi wengi hapa wanauliza kama kuwanunulia watoto pakiti ni sawa na kuwafunza kamari. Swali lao nalithamini, na jibu langu la vitendo ni kwamba mtoto anayechagua kadi moja anayoijua, akailipia, anajifunza kununua. Anayefungua pakiti kumi akitafuta moja anajifunza jambo jingine.

Weka kiasi cha mwezi na ukitenge siku ileile unayopata pesa. Kisipotumika kinahamia mwezi ujao. Kikiisha, kimeisha.

Hatua ya 4: Tafuta bei ya kweli

Bei anayotaja muuzaji ni matumaini yake. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu amelipa. Kwenye eBay kuna kichujio cha bidhaa zilizouzwa. Kiwashe, andika jina la mchezaji, mwaka, toleo na namba ya kadi iliyo nyuma, kisha tazama mauzo ya karibuni. Yaache ya juu kabisa na ya chini kabisa, uchukue yaliyo katikati. Hakikisha unalinganisha kadi tupu na kadi tupu. Iliyopimwa na kufungiwa kwenye kasha la plastiki ni bidhaa nyingine.

Usinunue wiki ambayo mchezaji amefunga mabao matatu. Bei hupanda Jumapili usiku na hushuka anapokosa penalti. Kadi za wachezaji hupoa msimu unapokwisha, na huo ndio wakati wako.

Hatua ya 5: Agiza kwa pamoja

Kinachomuumiza mtu wa Mombasa kuliko bei ya kadi ni usafirishaji. Nikichukua dola moja kwa shilingi 129, kadi ya dola 10 yenye posta ya dola 15 ni shilingi 3,225. Ongeza VAT ya asilimia 16, imekuwa 3,741, na bado kuna ushuru wa forodha kulingana na aina ya bidhaa pamoja na ada nyingine za uagizaji. Umelipia bahasha kuliko kadi.

Watu watano wakiagiza kwa muuzaji mmoja, kila mtu kadi ya dola 10, na posta ya kifurushi kizima ikawa dola 18, jumla ni dola 68. Kila mmoja anatoa shilingi 1,754, na VAT ikiingia 2,035 hivi. Kadi ileile, karibu nusu ya gharama. Kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-PESA inatosha kulipia, kwa hiyo hakuna haja ya akaunti kubwa benki. Achaguliwe mmoja mwaminifu wa kuagiza, kila mtu atume pesa yake kabla, na orodha ya nani anadai nini iandikwe kwenye kundi la WhatsApp ili isije ikaleta maneno. Tamko la thamani liwe la kweli. Kifurushi kikikwama forodhani kwa kudanganya bei, mnakwama wote watano.

Kama kuna ndugu anayerudi likizo kutoka Uingereza au Ghuba, mwombe mapema na kwa adabu. Kadi kumi ndani ya kifuko hazimzidishii mzigo.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kulipa

Kadi bandia zimejaa, na za Pokémon ndizo nyingi zaidi. Zile za plastiki za rangi ya dhahabu zinazouzwa boksi zima kwa bei ya chakula cha mchana si asli. Mtoto azichezee akipenda, lakini asiambiwe ana mali.

Tuseme kijana amekuja barazani na Charizard inayong'aa, anauliza, "Ami, hii asli?" Usiijibu kwa kuitazama uso. Chukua kwanza kadi nyingine ya Pokémon unayoijua kuwa ni ya kweli, uziweke pamoja. Washa tochi ya simu nyuma ya ile ya kweli. Ndani ya karatasi yake kuna tabaka jembamba la giza, kwa hiyo mwanga unapita kwa shida. Sasa iwashie hiyo ya kijana: ikiwaka kama kioo cha taa, umepata jibu la kwanza. Kisha omba lenzi ya sonara. Maandishi meusi ya kadi ya kweli yana kingo safi, wino mmoja. Ya bandia imechukuliwa picha ikachapwa upya, na utaona vidoa vya rangi vimezunguka herufi. Igeuze, ulinganishe buluu ya mgongoni. Ya bandia mara nyingi huwa imefifia au inaelekea zambarau. Pitisha kidole: kadi nyingi ghali za kisasa zina mikwaruzo midogo iliyochapwa makusudi, na za bandia huwa laini kama picha ya studio.

Kwa kadi za mpira zenye namba, kama 12/25, yaani nakala ya 12 kati ya 25, namba huwa imepigwa chapa ya kung'aa juu ya kadi baada ya kuchapwa. Iinamishe kwenye mwanga uone kama inang'aa kivyake. Saini itazame kama ni ya kalamu au ni picha ya saini. Zote mbili huuzwa kihalali, lakini bei zake ni mbingu na ardhi.

Pakiti zilizofungwa nazo huchezewa. Tazama mshono wa juu na wa chini: meno yake yawe sawa, bila alama ya gundi. Pakiti zisizo na boksi kutoka kwa mtu usiyemjua ziache, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mkikutana na muuzaji wa mtandaoni, mkutane mchana mahali penye watu, mathalani kwenye mkahawa wa City Mall Nyali au karibu na lango la Fort Jesus. Lipa kadi ikiwa mkononi mwako. Ukiwa wewe ndiye muuzaji, tazama salio lako mwenyewe kabla ya kuitoa kadi. Ujumbe wa M-PESA unaoonyeshwa kwenye simu ya mwenzako si malipo. Aliye chini ya miaka 18 aende na mzazi au kaka yake.

Hatua ya 7: Ipiganie dhidi ya unyevu

Miongozo ya Ulaya na Marekani haikuandikwa kwa hewa ya pwani. Huku unyevu ni adui kuliko mwizi. Kadi yenye tabaka la kung'aa hupinda kwa sababu karatasi hunywa maji ya hewani ikavimba na tabaka la juu halivimbi. Ndani ya msimu mmoja wa masika, kadi safi inakunjika kama ganda la muhogo lililoanikwa.

Anza na kifuko laini cha plastiki kwa kila kadi, kisha kifuko kigumu kwa zile za thamani. Plastiki iwe ya polipropilini. Mifuko ya PVC, ile yenye harufu kali ya kitu kipya, hugandana na kadi kwenye joto letu na ikabandua wino. Albamu za picha zenye kurasa za gundi, usiziguse. Raba za kufungia noti vilevile, hukata kingo.

Halafu tafuta boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana kweli, kama yale ya kuhifadhia vyakula. Weka ndani vifuko vya silika jeli vya kutosha na kipima unyevu kidogo cha bei rahisi. Lengo ni kati ya asilimia 40 na 50. Silika yenye rangi hubadilika ikishiba maji. Ikaushe kwa joto la chini kama mtengenezaji alivyoelekeza, kisha uirudishe. Usitumie mchele, una vumbi na unakaribisha wadudu. Vidonge vya nafthalini visiingie kwenye boksi, mvuke wake huweza kuharibu baadhi ya plastiki.

Mahali pa kuliweka boksi nako kuna maana. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za nje hunyonya maji. Liweke kwenye rafu ya ukuta wa ndani, mbali na dirisha la upande wa bahari, juu ya sakafu kwa sababu ya mchwa. Ukilitoa boksi kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda barazani, ngojea kidogo kabla ya kulifungua, la sivyo unyevu wa hewa ya joto utatona juu ya kadi baridi. Kadi iliyokwisha kupinda usiipige pasi. Iweke ndani ya boksi kavu kwa wiki kadhaa ikiwa kwenye kifuko chake, mara nyingi hujinyoosha.

Hatua ya 8: Kupima daraja, kwa wachache

PSA na wenzao hutoa alama ya 1 hadi 10 na kuifungia kadi kwenye kasha. Kutoka Mombasa kuna ada ya upimaji, posta ya kwenda, posta ya kurudi na bima. Fanya hivyo ikiwa tofauti ya bei kati ya kadi tupu na kadi yenye alama ya 9 ni mara mbili ya gharama zote hizo. Nasema 9 kwa sababu 10 ni ya kuomba Mungu. Hifadhi karatasi za posta ya kwenda, ili forodhani uonyeshe kwamba ni mali yako inayorudi. Kama huuzi, usipime. Kadi haipendezi zaidi kwa kufungiwa.

Hatua ya 9: Anzisha siku ya kubadilishana

Hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote, kwa kuwa hakuna leseni wala mlanguzi anayeweza kuliziba. Watu wanane wanatosha. Chagueni Jumamosi moja ya mwezi baada ya Alasiri, kwenye ukumbi wa shule, maktaba au uani kwa mtu mwenye nafasi. Kila mmoja aje na orodha mbili: anazotafuta na zilizojirudia.

Gawanyeni kadi kwa madaraja matatu ya bei, kufuatana na mauzo mliyoyatazama katika Hatua ya 4, na ya daraja moja ibadilishwe na ya daraja hilohilo. Kwa stika iwe moja kwa moja, hata kama moja ni ya nyota na nyingine ni ya golikipa wa akiba, kwa sababu albamu haitambui nyota. Mtu mzima asibadilishane na mtoto bila mtu mzima mwingine kushuhudia, na mabadilishano yoyote ya mtoto yaweze kutenguliwa mpaka kikao kiishe. Anayekuja kununua za wenzake ili akaziuze ghali mtandaoni, aambiwe kwa upole kwamba siku hii si ya biashara, na akirudia asialikwe tena.

Watoto wasio na kitu wasikae pembeni. Kila mwenye zilizojirudia atoe tano mlangoni, ziwe kianzio cha mgeni. Kabla ya kuagana, kila mtu asahihishe orodha yake, aipige picha na kuituma kwenye kundi usiku huohuo, ili anayepita Marikiti au anayengojea feri ya Likoni siku ya pili ajue ni nani wa kumpigia simu.